Kwanza Mlaji, Halafu Kiungo

Huyu mtu sisi tulimwita Mpishi. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sikuwahi kulisikia likitumika. Hata padri akimtafuta alisema, Mpishi yuko wapi. Alipika katika nyumba ya mapadri huku kwetu Muleba tangu kabla ya Uhuru mpaka siku za ujamaa, ngano ilipopotea madukani. Katika vyote alivyopika, kilichompa sifa ni pudini ya mkate. Wengine wakisikia pudini wanafikiria Wazungu. Sisi tulimfikiria yeye. Ni mkate uliokauka, maziwa, mayai, sukari kidogo, halafu kiungo. Kwenye kiungo ndipo alipokuwa na mambo yake, na hapo hapo ndipo palipoharibika kati yake na binti yake, mtoto wake wa pekee. Hayo nitayasema, maana bila hayo mtu huyu huwezi kumwelewa.

Mpishi hakumuuliza mtu anapenda nini. Kwake ilikuwa mwiko. Alikuwa anakuangalia unavyoingia, unavyosalimia, unavyoshika kijiko, halafu anakwenda zake jikoni na kuamua. "Kwanza mlaji, halafu kiungo," alisema. Na ukimwambia wewe unapenda hiki au kile, alikujibu, "Daktari hakuulizi unataka dawa gani."

Nilimfahamu kwenye darasa la jioni. Baada ya Uhuru serikali ilisema watu wazima wasome, na parokia ikatoa ukumbi. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari, nina mtoto mgongoni, na shule nilikuwa nimeionja tu utotoni. Tulijifunza a, e, i, o, u kwa taa ya karabai. Mara moja kwa wiki, baada ya kusoma, kina mama tulifundishwa mambo ya nyumbani: kushona, kutunza mtoto anayeharisha, na mapishi. Wa mapishi alikuwa yeye.

Sasa fikiria. Mwanamume wa Kihaya anasimama mbele ya wanawake kuwafundisha kupika. Siku ya kwanza tulicheka mpaka watoto wakaamka. Alikuwepo jirani yangu Mama Yustina, mwanamke mwenye ulimi. Akamuuliza:

"Mpishi, nyumbani kwako anapika nani?"

"Mke wangu."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nakula."

"Unakula tu, huna la kusema?"

"Nasema asante. Wa kwako anasema?"

Darasa likaanza.

Alitufundisha kukata mkate vipande na kuuacha ukae. Mwanamke mmoja alileta mkate mpya, laini kabisa, akidhani ndio heshima. Mpishi akaushika, akamrudishia. "Huu una kiburi," akasema. "Mkate wa leo haunywi maziwa. Upeleke nyumbani ukanyenyekee, uje nao keshokutwa." Wengi wetu mkate tulikuwa tunauona Krismasi. Lakini tulijifunza, na nikisema kweli, yale maneno yake yalinisaidia kwenye mambo mengine kuliko kwenye mkate.

Siku hiyo aliweka kwenye meza mdalasini, iliki, tangawizi, ganda la chungwa lililokaushwa, na kile kichupa chake cha vanila ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukishika. Mama Yustina akasema, "Si tuweke vyote, iwe tamu zaidi?" Mpishi akashika kichwa. "Kiungo kimoja kinasema," akajibu. "Viwili vinabishana. Vitatu hicho ni kikao cha kijiji, hamtoki hapo mpaka jioni." Siku hizo vikao vya kijiji vilikuwa vimeanza, kila mtu akamwelewa.

Baadaye mapadri walihitaji mtu wa kufua na kupiga pasi, nikapata kazi hiyo. Chumba cha pasi kilipakana na jiko. Hapo nikamwona kila siku, miaka mingi, na nikaona jinsi alivyowapa watu viungo vyao.

Alikuwepo padri kijana kutoka Ulaya ambaye alipata habari kwamba mama yake amefariki. Asingeweza kwenda kumzika. Alitembea uani na breviari yake, kitabu cha sala, akisoma ukurasa ule ule. Mpishi alimwacha siku kadhaa, halafu akampikia pudini ya mdalasini. Aliniambia nyumba zao kule zinanuka mdalasini wakati wa Noeli, alisikia mapadri wakiongea. Yule padri alikula akilia, akafuta sahani na kidole kama mtoto. Siku ya pili alianza kutembelea wagonjwa tena.

Paroko mmoja alikuwa na hasira za haraka. Huyo alipewa pudini isiyo na kitu kabisa, maziwa na mkate basi. Nikamuuliza kwa nini. Mpishi akasema, "Huyu ana viungo vyake tayari."

Katekista mzee, asiye na meno, alipondewa ndizi mbivu, zile tamu fupi. Mwenyekiti wa tawi la chama alipokuja kula na mapadri alipewa tangawizi nyingi, kila mara. Nilidhani ni heshima. "Akila tangawizi anakohoa," Mpishi aliniambia akiwa anakuna. "Akikohoa hotuba inakuwa fupi. Na wewe utawahi nyumbani kwa watoto." Ilikuwa kweli, nilikuwa nawahi.

Mimi nilipofiwa na mtoto wangu, yule aliyekuwa mgongoni kwenye darasa la jioni, nilikaa nyumbani nikarudi kazini kabla ya watu kutegemea. Nilikuta bakuli dogo limefunikwa kwa kitambaa kwenye meza ya pasi. Ilikuwa pudini ya ganda la chungwa. Nilikula nimesimama, nikasali Salamu Maria, nikaweka makaa kwenye pasi.

Askofu akija, alipewa ya akamwani. Hii lazima niieleze kwa asiye wa kwetu. Akamwani ni zile kahawa zetu za kutafuna, zinachumwa mbichi, zinachemshwa na majani yenye harufu, zinakaushwa. Ukiingia nyumba ya Mhaya kama mgeni, kabla ya maneno mengi unaletewa akamwani kwenye kikapu kidogo, unachukua punje mbili tatu, unatafuna. Hapo umekaribishwa. Mpishi alikuwa analoweka punje hizo kwenye maziwa ya moto mpaka maziwa yanabadilika rangi, anazitoa, anamimina juu ya mkate. Juu kabisa anapanga punje chache, kama zilivyo kwenye kikapu. Maaskofu walisimulia pudini hiyo mpaka Bukoba. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza pudini kwa Wazungu, lakini hiyo aliitoa kwao nyumbani.

Kuhusu lubisi, pombe yetu ya ndizi, alikataa kabisa kuiweka, ingawa alikuwa anainywa kama kila mtu. "Nikiiweka," alisema, "walevi wote watakuwa wacha Mungu, na mimi sina mkate wa kuwatosha."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa viungo mpaka aibu. Mkebe wa iliki aliufunga kwa kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye rozari yake, kwa hiyo akisali mafumbo unasikia chuma kinagonga. Misa alihudhuria kila siku akiwa amesimama mlangoni, na baada ya Komunyo alitoka mbio kwenda kuangalia tanuri. Yule paroko mwenye hasira alimkamata siku moja.

"Mpishi, Misa haijaisha."

"Padri, mkate nao haujui hilo."

Na alikuwa anapenda sifa. Mtu akila akanyamaza, Mpishi alipita karibu na meza kutoa sahani ambayo bado ina chakula, ili aulizwe.

Viungo alivifuata mwenyewe Bukoba. Alipanda basi asubuhi, analala Hamugembe kwa dada yake, kesho yake anarudi. Nilikwenda naye mara moja nikiwa na shida zangu hospitali. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, mwembamba, anayekaa juu ya stuli ndefu. Hawakusalimiana kama watu wa kununua na kuuza. Mhindi alisema, "Fundi, leo nani mgonjwa?" Mpishi akasema, "Leo hakuna mgonjwa, kuna padri mpya, mkimya, anakula haraka." Mhindi akafungua mkebe, akamnusisha. Mpishi akatikisa kichwa. Akafungua mwingine. Wakaendelea hivyo, wateja wengine wamesimama, mpaka wakakubaliana. Mimi niliona watu wawili wanaosali kwa namna tofauti lakini kitabu ni kimoja. Mungu anisamehe kama nimesema vibaya.

Baadaye majengo mengi ya mjini yalichukuliwa na serikali, na yule mzee na watoto wake wakaondoka. Mpishi alirudi na mkebe mtupu. Paroko alimwambia viungo vitapatikana kwenye duka la ushirika. Mpishi alikubali, maana ujamaa aliupenda, alikuwa na kadi ya chama na alilima shamba la kijiji siku zake zote. Lakini alipobaki na mimi alisema, "Ushirika wataleta mdalasini. Wa kuninusisha watamleta?"

Sasa binti.

Nyumba ya Mpishi ilikuwa Kagoma, kwenye kibanja chake cha migomba, na parokia ilikuwa mbali kidogo. Kwa hiyo alilala kwa mapadri siku za kazi na kwenda kwake Jumapili mchana. Alikuwa na mke na huyo mtoto mmoja, Koku. Mke wake alimwita Baba Koku, na ndivyo alivyomwita siku zote. Nyumbani Mpishi hakugusa chungu. Alikaa mbele kwenye kiti kama wanaume wengine, akaletewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akala, akasema asante. Ukimtania alisema, "Huko nalipwa. Huku nimeoa."

Koku alisoma vizuri kwa masista, na alipomaliza akasema anataka kubaki nao awe sista. Mimi nilifurahi sana niliposikia. Nilidhani Mpishi naye atafurahi, mtu aliyewalisha mapadri tangu ujana wake. Akakataa. Alikataa mbele ya paroko na hakupunguza sauti.

"Kanisa nimelipa mikono yangu," alisema. "Mtoto sikuahidi."

Paroko akamwambia mtoto ni wa Mungu kwanza. Mpishi akasema, "Mungu ana watoto wengi, Padri. Chakula kiko tayari."

Mimi niliona amekosea, na nilimwambia. Mtoto anayeitwa na Mungu hazuiliwi. Aliacha kukanda, akaniangalia.

"Wewe Mungu amekuachia wangapi?"

"Namshukuru, amenipa wengi."

"Basi mpe mmoja wako. Mimi niliye naye ni huyu."

Nilimwombea novena, sala za siku tisa, na kusema kweli nusu ya novena hiyo nilikuwa nimemkasirikia.

Koku aliondoka asubuhi moja na sanduku dogo, mama yake akijua. Mpishi alipopata habari alikuwa anatengeneza supu. Akaitengeneza mpaka mwisho. Mapadri walisema ni nzuri sana, akasema ndiyo. Tangu siku hiyo jina la mtoto hakulitaja. Alisema "yule". Masista walimpa jina jipya la utawa, na hilo pia hakulitaja. Lakini mke wake naye hakumwacha. Kila akiitwa chakula, kila akiulizwa kuhusu mbuzi au paa linalovuja, ni Baba Koku, Baba Koku. Kwa hiyo jina lilikuwa linaingia nyumbani kwake kila Jumapili, apende asipende.

Miaka ikapita hivyo. Halafu Mama Mkuu wa masista akaleta ujumbe kwa paroko: yule binti anaweka nadhiri za daima, wazazi wote wanaalikwa, na masista wanaomba baba yake awapikie wazazi ile pudini yake. Nilikuwepo alipoambiwa. Nilitegemea akatae. Akasema, "Watu wangapi?" Paroko akamwambia. Akaanza siku hiyo hiyo kukusanya mikate.

Nilijua kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa anataka kumrudia mtoto wake, na hakujua mlango mwingine wa kupitia isipokuwa huo. Na yeye alijua kwamba najua. Lakini shida ilikuwa kiungo.

Siku kadhaa nilimwona anafungua mikebe, ananusa, anafunga. Jioni moja nikaingia kuchukua makaa, nikamkuta amekaa. Mpishi alikuwa hakai jikoni.

"Nampikia nani?" akaniuliza.

"Si binti yako?"

"Najua ni binti yangu. Nauliza ni nani. Askofu namjua. Katekista namjua, Mungu amlaze pema. Wewe nakujua, na yule mwenyekiti namjua mpaka koo lake. Yule alikuwa anakula nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Alikula kwa mama yake. Mimi nilikuwa hapa."

Nikamwambia amuulize mke wake. Akasema amemuuliza Jumapili, na mke wake amesema, muulize mwenyewe, ana mdomo. Nikamwambia basi atume mtu kwa masista, ni mwendo wa nusu siku, mtoto aulizwe anapenda nini, yaishe. Akanyanyuka.

"Mpishi hamuulizi mlaji," alisema, akachukua mkebe mwingine.

Siku ya kwenda nilimkuta amemaliza. Alikuwa amefunika bakuli kubwa, akanifunulia kwa fahari. Ilikuwa ya akamwani. Punje zimepangwa juu vizuri kabisa, zinang'aa.

"Waitu," nikasema kwa heshima, "akamwani kwa mtoto wako?"

"Ni ya askofu hiyo. Sijawahi kumpa mtu asiye askofu. Leo nampa yeye."

"Lakini akamwani..."

"Nampa kilicho kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo," akasema. Akafunika.

Nilikwenda nao, maana mke wake alitaka mwenzake wa kukaa naye. Ibada ilikuwa nzuri, masista waliimba, Koku alilala kifudifudi mbele ya altare chini ya kitambaa, mama yake alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Mpishi aliangalia mbele. Baadaye tukaingia ukumbini kula, wazazi na masista wapya pamoja. Pudini ikaletwa mwisho. Mpishi mwenyewe aliibeba, akakataa kusaidiwa, akampelekea mtoto wake kwanza kabla ya Mama Mkuu.

Koku aliiangalia. Akaangalia zile punje juu. Halafu akachukua moja kwa vidole, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu. Kijiko hakukishika. Akapiga goti kama tunavyofanya kwa mkubwa wa nyumba ya watu, akasema, "Asante, Tata, kwa kunikaribisha."

Wale masista wa kutoka mbali hawakuona kitu. Sisi wa huku tuliona. Mtoto wa nyumba hakaribishwi. Mtoto wa nyumba anapita nyuma, anafunua chungu, anauliza kuna nini. Akamwani ni ya anayekuja na ataondoka.

Mpishi alitoka nje. Nilimfuata kwa sababu mke wake alinisukuma. Alikuwa amesimama kwenye kuni za masista, anapanga zilizokuwa zimepangwa.

"Amesema nini yule?"

"Umesikia."

"Amesema kama mgeni."

"Na wewe umempa cha mgeni, Mpishi."

Akarudisha kuni aliyokuwa ameshika. Mimi mpaka leo sijui kwa nini alichagua hiyo. Labda hakufikiri, alikuwa amepika akamwani kwa maaskofu mpaka akasahau maana yake nyumbani. Au mkono ulijua kitu ambacho kichwa kilikataa kusema, kwamba huyu sasa ni mgeni kwangu. Nimemwombea kwa yote mawili. Alichosema ni hiki tu: "Nilitaka kumpa kikubwa." Na tukarudi.

Baada ya hapo hakupika pudini tena. Mikate iliyokauka aliwatupia kuku. Mapadri waliuliza, akasema viungo hakuna, na kwa kweli siku zile hakukuwa na viungo, wala sukari, wala ngano. Wazungu wakapungua. Akaja paroko Mhaya aliyesema yeye anataka ebitoke na samaki, hana haja ya tanuri, na akampa Mpishi heshima zake zote akapumzike. Mpishi akaenda Kagoma.

Mke wake nilikutana naye kwenye sikukuu. Aliniambia kila akimwambia mumewe waende kumwona mtoto, anakubali, anavaa koti, halafu anakaa. "Anasema niende na nini, sina kiungo," aliniambia. "Nikamwambia mpelekee hata maji. Anasema hujui unachosema, Mama Koku. Basi nakwenda peke yangu."

Mara ya mwisho kukaa naye ni hivi majuzi. Mtoto wa dada yangu alipata Kipaimara huko Kagoma, na mimi ni msimamizi wake. Mkate ulikuwa umeonekana Bukoba, nikapitia huko, nikapata mmoja kwa kupanga foleni, nikasema nitampelekea Mpishi, maana huendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Basi likaharibika njiani, tukalala, tukasukuma. Nilipofika mkate ulikuwa mgumu kama tofali.

Nikamkuta Mpishi mbele ya nyumba, amezeeka, kola ya shati imefungwa mpaka juu kama zamani. Ndani, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa Koku kwa vazi lake la usista, mikono mapajani. Masista walikuwa wamempa likizo ya siku chache kuona wazazi, alifika jana yake. Mama yake alikuwa anatembea katikati ya hao wawili kama mtu anayetembea kati ya mbwa asiowajua.

"Mwasibota, waitu," nikasalimia. Wakaitikia wote watatu, vizuri sana.

Nikatoa mkate, nikaomba radhi kwamba umelala njiani. Mpishi akaupokea. Akaugeuza, akaugonga kwa kucha, akausikiliza.

"Huu umekomaa," akasema.

Akaendelea kuugeuza. Kisha, macho yakiwa kwenye mkate, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Wewe. Nikuwekee nini?"

Mke wake alikuwa ameshika ndoo, akaiweka chini. Koku alimwangalia baba yake, kisha akaniangalia mimi, kama vile labda nimeulizwa mimi.

"Unaniuliza, Tata?"

"Nakuuliza."

"Sijui," akasema. Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Kule tunakula tunachopewa. Sijaulizwa siku nyingi. Ngoja nifikiri."

"Fikiri."

Na akafikiri kweli, mwanamke mzima, sista, ameinamisha kichwa. Mpishi alimsubiri. Sijawahi kumwona akimsubiri mtu, hata askofu.

"Ndimu," akasema.

"Ganda lake. Nitakuna ganda."

"Hapana, maji yake. Nataka iwe kali."

"Maji ya ndimu yatakatisha maziwa."

"Kumbe?"

"Yatakatika yote. Itakuwa mabonge."

"Basi weka kingine, Tata. Wewe ndiye unajua."

"Umesema ndimu," akasema Mpishi.

Akanyanyuka, akazunguka nyuma, akainama kuingia kwenye jiko la mke wake. Tulimsikia anauliza maziwa yako wapi, chumvi iko wapi, na mke wake anajibu kutoka uani bila kuingia, amejiziba mdomo kwa kanga. Koku akavumilia kidogo, kisha akavua viatu akamfuata, na moshi ukawameza wote wawili. Tukasikia wanabishana kuhusu kuni.

Maziwa yalikatika. Yalitoka kama alivyosema, mabonge na maji, mkate unaelea katikati. Kwa macho yangu, chakula kile asingekikubali hata kwa kuku wa paroko. Akagawa kwenye sahani kwa uangalifu ule ule wa zamani, akampa binti yake kwanza. Koku akatia kijiko mdomoni, uso wote ukakunjamana.

"Imekatika, Tata."

"Imekatika."

"Na ni kali."

"Umesema iwe kali."

Akala kingine. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mtu angeweza kusema ni ndimu. Baba yake naye akala yake, haraka, bila kuangalia mtu. Mama Koku alijaribu, akarudisha kijiko, akasema yeye atachemsha ebitoke. Mimi nilimaliza kwa sababu ya malezi.

Sahani ya Koku ikaisha. Mpishi akaiangalia, akashika mwiko.

"Nikuongeze?"

"Niongeze," akasema.

Akamwongeza.